Namna ya kusoma sheria ya biashara ukiwa Mbeya: anzia kwenye gunia la viazi

Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa pili wa shahada ya sheria hapa Mbeya. Alikwenda kuomba nafasi ya fildi (mafunzo kwa vitendo) kwenye ofisi moja ya mawakili, wakamuuliza swali moja tu: "Mteja wetu anapeleka viazi Dar. Pesa yake inaweza kupotelea wapi?" Akaanza kutaja masharti ya mkataba halali: ofa, kukubali, ridhaa huru, uwezo wa kuingia mkataba. Vyote sahihi, hata kimoja hakijajibu swali. Wakamwambia watampigia, na simu haikuja. Akanijia amenuna: "Shangazi, mbona nimesoma?"

Tulikaa Jumamosi tatu. Naandika tulivyofanya, kwa sababu swali hilo nimeliona likiangusha wengi wenye alama nzuri kuliko zangu.

Hatua ya 1: Pata sheria zenyewe

Ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure. Chukua Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214) na Sheria ya Makampuni (Sura ya 212). Chapisha hizo mbili za kwanza kwenye karatasi. Najua simu inabeba kila kitu, lakini sijawahi kuona mtu akiielewa sheria huku anaisogeza kwa kidole gumba. Desa za stesheneri, yale maelezo mafupi ya wanafunzi yanayouzwa kwa nakala, weka mbali. Zitakufaa wiki ya mtihani, si sasa.

Hatua ya 2: Hakikisha namba za vifungu

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo nivumilie.

Sheria zetu hufanyiwa urekebu, yaani marekebisho yote huunganishwa ndani yake, na kutolewa upya kama toleo. Wengi wetu tulisomea toleo la 2002, waliofuata wakasomea la 2019. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025, na katika sheria kadhaa namba za vifungu zimesogea. Kifungu kilichokuwa kimechomekwa zamani kikaitwa, tuseme, 12A, kikipewa namba yake mwenyewe, vyote vya chini yake vinasukumwa. Maneno ni yale yale, ila mlango umebadilishwa namba.

Mimi niliandaa barua ya madai kwa mazoea, namba zikitoka kichwani. Saa tatu usiku nikasema ngoja nihakiki kimoja. Hakikuwa pale. Nikadhani nimekosea sheria, nikafungua nyingine, nikarudi, nikaanza kuamini kwamba kimefutwa na nimeshauri watu vibaya miezi mizima. Saa saba ndipo nilipogundua kwamba kipo, kimehama tu. Barua ilikwenda kesho yake mchana badala ya asubuhi, na mteja wangu hakufurahi.

Basi fanya hivi. Kwanza, angalia ukurasa wa mbele wa nakala yako ni toleo la mwaka gani. Pili, usikariri kifungu kwa namba, kikariri kwa kichwa chake: "fidia kwa kuvunja mkataba" ndiyo ishike, namba utaitafuta. Namba ya Sura ndiyo nanga yako. Tatu, ukisoma hukumu ya 2015, namba zilizomo ni za wakati ule. Usizihamishie kwenye hoja yako kabla hujalinganisha. Nne, angalia kama kuna marekebisho yaliyokuja baada ya toleo, na usiangalie sheria yenye jina hilo peke yake. Sheria ya Fedha hutoka kila mwaka na watu hudhani ni ya kodi tu, kumbe ile ya 2020 ndiyo iliyoingiza kwenye Sheria ya Makampuni wajibu wa kuwatambulisha wamiliki halisi wa kampuni, wale wanaonufaika hata kama majina yao hayapo kwenye hisa. Mwanafunzi aliyesoma desa ya 2018 hawezi kulijua hilo.

Nyongeza kidogo: tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Soma nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa pamoja pale zinapopatikana. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, lakini mteja hatazungumza nawe hivyo.

Hatua ya 3: Fuata mzigo mmoja mpaka uwe pesa

Nisikilize mimi, acha kusoma magazeti ya uchumi ya London ili "ujue biashara". Nenda sokoni.

Jumamosi ya pili tulikwenda Uyole asubuhi. Fuso ilikuwa inapakia viazi. Nilimwambia binti asiulize chochote cha sheria, aandike tu nani anashika nini na nani amelipwa. Akaona gunia limejazwa hadi mdomoni, halafu juu yake likashonewa kilemba cha wavu na viazi vingine ndani. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kile kilemba ni zawadi anayotoa bila kupenda. Binti akanong'ona, "Bei ya gunia imekubaliwa, ila gunia lenyewe ni lipi?" Hapo ndipo aliponifurahisha mara ya kwanza.

Halafu tukamsikia dalali akimwambia mkulima mmoja: "Mzigo wako nauchukua mali kauli." Mkulima akaitikia kwa kichwa. Hakuna karatasi, hakuna senti iliyotoka mfukoni.

Kaa na hayo maneno mawili siku nzima, yana mitego mitatu ndani. Yanaweza kuwa mauzo ya mkopo: viazi vimeshakuwa vya dalali pale pale, pesa tu ndiyo itakuja baadaye. Yanaweza kuwa uza-au-rudisha: mali inabaki ya mkulima mpaka dalali aonyeshe ameikubali, kwa mfano kwa kuiuza. Au dalali ni wakala tu anayeuza kwa niaba ya mkulima na kula kamisheni. Sasa Fuso imekwama Kitonga siku mbili kwa sababu semi imelala barabarani, viazi vimeanza kutoa maji. Hasara ni ya nani? Kanuni ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni kwamba hatari hufuata umiliki, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vingine. Katika tafsiri ya kwanza analia dalali, katika mbili zilizobaki analia mkulima. Neno moja la sokoni, na jibu linageuka kutegemea walichokusudia na walivyozoea kufanya.

Hili ndilo wale mawakili walilokuwa wanauliza.

Ukiwa Mafinga fuata mbao, ukiwa Kyela fuata kakao mpaka ghalani na mnadani, ukiwa Mbozi fuata kahawa. Mzigo mmoja tu. Anayefuata mitatu hafuati hata mmoja.

Hatua ya 4: Soma kesi moja mpaka mwisho

Si muhtasari wa kesi ishirini. Nachagua Hadley dhidi ya Baxendale ya 1854, kwa sababu ni habari ya kinu na msafirishaji, na huku kwetu mashine za kukoboa na malori ndiyo maisha. Kinu cha Gloucester, Uingereza, kilivunjika mhimili wa injini. Ukatumwa Greenwich uwe mfano wa kutengenezea mpya. Msafirishaji akachelewa, kinu kikalala, wenye kinu wakadai faida waliyokosa. Mahakama ikasema hasara inayolipwa ni ile inayotokea kwa kawaida kutokana na kuvunja mkataba, au ile ambayo pande zote mbili ziliiona mbele wakati wa kukubaliana. Msafirishaji hakuambiwa kwamba kinu kizima kinasubiri mhimili huo, kwa hiyo faida hiyo haikustahili kuhesabiwa.

Sheria yetu ya Mikataba ina ndugu yake, ile ya India ya 1872, na kanuni hii imo katika zote mbili. Ushauri kwa mteja unatoka wenyewe: mwambie dereva, kwa maandishi, mzigo unasubiriwa na nani na lini.

Hatua ya 5: Habari moja kwa wiki

Chukua habari ya mpakani kwetu. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza mazao kadhaa, zikiwemo ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kisha zuio likaondolewa baada ya siku chache. Jiulize: mfanyabiashara wa Tukuyu aliyeahidi ndizi ng'ambo ya Kasumulu, mpakani na Malawi, mkataba wake umekufa au umesimama tu? Zuio la siku chache na zuio la msimu mzima yana jibu moja? Andika nusu ukurasa, tosha.

Hatua ya 6: Lieleze kwa asiye mwanasheria

Jumamosi ya tatu tulirudi Uyole na karatasi ya binti: mali ni ya nani mpaka lini, kilo ngapi, hasara ya njiani ya nani. Kurasa mbili. Dalali akaisoma mstari wa kwanza, akamrudishia. "Dada wakili, dereva ameshawasha gari."

Binti akakaa juu ya gunia akaiandika upya, mistari mitano, kwenye daftari la dalali lenyewe. Hiyo ikasainiwa juu ya boneti.

Wiki iliyofuata aliomba fildi ofisi nyingine, akaenda na picha ya ile mistari mitano kwenye simu.