Kusoma MRI ya Ubongo Pale Ugonjwa wa Prioni Unaposhukiwa

Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao ndio unaoonekana zaidi kati ya magonjwa ya prioni (protini iliyojikunja vibaya na kuharibu ubongo) kwa binadamu, humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo mgonjwa anayeletwa Mbeya kwa rufaa kutoka Tukuyu au Makambako, akiwa amepoteza kumbukumbu katika muda wa wiki chache, huenda ana ugonjwa mwingine, tena unaotibika.

Hatua ya 1. Pima kwanza VVU, kaswende, sukari na utendaji wa ini. Maji ya uti wa mgongo yapimwe kifua kikuu na kriptokokasi (fangasi wa utando wa ubongo), ila yasichukuliwe kabla ya picha iwapo shinikizo kubwa ndani ya fuvu linashukiwa. CT Scan itaonyesha uvimbe au damu iliyovia, lakini kwa prioni mara nyingi haionyeshi kitu.

Hatua ya 2. Katika fomu ya MRI (picha ya sumaku), omba DWI (picha ya mwendo wa maji katika tishu), ramani ya ADC (kipimo cha mwendo huo) na FLAIR (picha inayozima mng'ao wa maji ya ubongo). DWI itangulie, kwa sababu ni fupi na wagonjwa hawa hushtuka misuli na kuharibu picha ndefu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Katika DWI, tafuta weupe unaofuata mikunjo ya gamba la ubongo kama utepe, au ulio katika kaudati na putameni (viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo), upande mmoja au pande zote mbili. Weupe huo huwa mkali zaidi kwenye DWI kuliko kwenye FLAIR, na mahali hapo hapo ADC huwa nyeusi. ADC isiposhuka, tilia shaka. Kwenye gamba, hesabu angalau maeneo mawili kati ya temporali (pembeni), parietali (juu kuelekea nyuma) na oksipitali (nyuma). Weupe ulio karibu na mfupa wa sikio au uwazi wa pua usikuhadae, maana hewa huleta picha za uongo. Ukanda wa gamba unaoendesha misuli mara nyingi husalimika, jambo ambalo binafsi nalipa uzito.

Hatua ya 4. Kifafa kisichokoma, kukosa oksijeni na kushuka kwa sukari huacha utepe unaofanana na huo. Degedege likiisha kudhibitiwa, rudia picha: weupe wa degedege kwa kawaida hufifia.

Hatua ya 5. Oanisha picha na kipimo cha umeme wa ubongo na, sampuli inapoweza kusafirishwa, kipimo cha RT-QuIC, kinachotafuta prioni katika maji ya uti wa mgongo. Katika ripoti andika "inaelekea kuwa prioni", wala si "imethibitika", kwa kuwa uthibitisho kamili hutokana na tishu ya ubongo.