Kumvua trauti wa kahawia kwa nzi bandia, na shida ya nzi anayeburutwa

Juzi nilisimama kando ya kijito na rafiki aliyerusha mshipi asubuhi nzima bila kuguswa, ilhali trauti, samaki wa maji baridi, walikuwa wakiibuka kula mbele ya macho yake. Fimbo ilikuwa nzuri, nzi bandia wake, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi, alifanana na wadudu waliokuwa majini. Kosa lake ni lile lile lililowahi kunipotezea mimi msimu mzima: nzi alikuwa akiburutwa na mshipi badala ya kuelea na maji.

1. Vifaa

Fimbo ya futi 9, namba 5 (kipimo cha uzito wa mshipi unaoifaa), na mshipi unaoelea wa namba hiyo hiyo. Mbele yake funga uzi wa futi 9 unaopungua unene hadi milimita 0.15 hivi. Ndoana iwe haina kijino, ile ncha ndogo ya nyuma inayoizuia kuchomoka. Ikiwa nacho, kibane kwa koleo. Hili silijadili na mtu.

2. Tazama kabla ya kurusha

Trauti hukaa akielekea maji yanakotoka, kwa hiyo mwendee kwa nyuma, ukiinama. Mtafute nyuma ya mawe, chini ya kingo zilizochimbika, na pale maji ya kasi yanapopakana na ya polepole. Asipoibuka, tumia tunutu bandia (mfano wa mdudu mchanga wa majini) anayezama, maana chakula chake kingi hukila chini ya uso wa maji. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi, waache wapumzike. Joto hilo huwachosha, na ukiwavua huenda wakafa hata ukiwarudisha.

3. Nzi aende na maji

Mdudu halisi huelea kama jani. Nzi wako amefungwa kwenye mshipi, na maji kati yako na samaki hayaendi kwa kasi moja. Mkondo wa kasi ukiubeba mshipi, unapinda kama upinde kisha unamvuta nzi. Trauti wa kahawia akiona hivyo hamgusi, na mara nyingi hata kuibuka anaacha.

Usingoje kuona nzi akichora mstari majini. Mvuto mdogo hauonekani ukiwa mbali. Linganisha nzi na povu lililo karibu naye: wakiachana, anaburutwa.

Dawa ya kwanza ni miguu. Sogea, badilisha pembe, punguza mikondo iliyo kati yenu. Mita 8 unazozimudu ni bora kuliko mita 20 za kujionyesha. Ya pili: mara nzi anapotua, inua sehemu ya kati ya mshipi uigeuzie juu, mkondo unakotoka. Lakini kama maji yaliyo karibu nawe ni ya polepole kuliko yale ya nzi, igeuzie chini, mkondo unakokwenda. Rafiki yangu aligeuzia juu kila mara, kwa mazoea, na hapo ndipo alipoharibu. Tena ukichelewa, au ukiinua kupita kiasi, unamvuta nzi wewe mwenyewe. Ya tatu: refusha ncha ya uzi kwa nusu mita, itue ikiwa imelegea.

Na usiung'oe mshipi majini kabla nzi hajampita samaki kabisa.

4. Akimeza

Mwache afunge mdomo na kugeuka chini, ndipo uinue fimbo taratibu.

5. Ziwani

Hapa mambo hugeuka: maji hayamletei chakula, yeye ndiye anayezunguka kukitafuta. Ukiona duara la maji, ameshapita. Rusha mbele ya njia yake, mara nyingi kuelekea upepo unakotoka. Alfajiri na jioni anza karibu na ukingo, penye magugu na pale kina kinapoanza kuporomoka. Ncha ya fimbo iguse maji, vuta mshipi kwa vidole, polepole kuliko unavyodhani inafaa.

6. Kumrudisha

Lowesha mikono kwanza, usiguse matamvua, usimtoe majini bila sababu. Mshike akielekea mkondo hadi apige mkia na kuondoka mwenyewe.