Kengele ya saa kumi na nusu: jinsi ya kuwarudishia wanafunzi wa bweni usingizi wao

Nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni nje kidogo ya Jinja, Uganda, na huu ni mwaka wa sita niko patroni wa bweni la wavulana. Siku niliyoamua kulishika jambo la usingizi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili. Daftari moja lilikuwa na mwandiko safi mpaka aya ya pili, kisha kalamu ikaanza kuteremka, ikaruka mistari, ikaishia kona ya chini ya ukurasa kwa mchirizi mrefu wa wino. Hapo ndipo mwenyewe alipolala. Na kipindi kilikuwa cha saa mbili asubuhi.

Anza na hesabu, mawaidha baadaye. Kwetu taa zilizimwa saa nne na nusu usiku, na kengele, yaani rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, iligongwa saa kumi na nusu. Saa sita, tena kwa yule anayesinzia papo hapo. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Wape wanafunzi kijidaftari kwa wiki mbili. Kila asubuhi waandike walilala saa ngapi, waliamka saa ngapi, na nini kiliwaamsha usiku. Hiyo safu ya tatu ndiyo yenye mali. Nilitarajia kusoma habari za hofu ya mtihani. Nikakuta "kunguni", "kunguni", "kunguni", na pahali pamoja "redio ya patroni". Usiku ule kulikuwa na mpira, nakiri.

Basi kabla hujamwendea mkuu wa shule, waendee kunguni. Kuanika magodoro juani hakuwamalizi. Fungueni vitanda vya chuma, mmimine maji yanayochemka kwenye viungo na matundu ya skrubu, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Vyandarua vyenye dawa msivichemshe, mtaiua dawa mbele ya mbu. Fanyeni bweni zima Jumamosi moja, maana ukisafisha nusu wanahamia nusu ya pili, kisha mrudie baada ya wiki mbili, kwa kuwa mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Baada ya hapo kengele, na hapa ndipo penye vita. Naibu mkuu aliniuliza, "Mwalimu, wenzetu wanaamka saa kumi, sisi tungoje jua lituamshe?" Usimjibu kwa huruma, mfungulie vijidaftari. Kisha umweleze kwamba mwili wa kijana anayebalehe hutoa melatonini, homoni ya usingizi, kwa kuchelewa kuliko mwili wa mtoto. Ukimlaza saa mbili usiku atatazama dari tu. Nafuu kubwa iko alfajiri. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2016, shule za sekondari zilisogeza masomo kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Watafiti waliwavalisha wanafunzi vifaa vya kupima usingizi mkononi, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi. Hawakuutumia muda ule kukesha, kama naibu wangu alivyohofia.

Neno "kufuta" usilitamke; linawatisha wazazi. Prepu ya alfajiri, yaani saa ya kujisomea kabla ya vipindi, sisi tuliihamishia alasiri, kabla ya michezo. Omba bweni moja, muhula mmoja: taa saa nne, kengele saa kumi na mbili. Hizo ni saa nane. Na uombe muhula wa kwanza. Muhula wa tatu mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, iko mlangoni, hakuna atakayekusikiliza.

Ushauri mwingi unaanza na simu. Wanafunzi wangu hawana simu, wana beseni. Nilimkuta mmoja wa kidato cha nne saa saba usiku, miguu ndani ya maji baridi, anaramba unga wa kahawa kiganjani. "Mwalimu, nikilala wenzangu watanipita." Nilimchorea ukutani kwa chaki: kahawa ya saa mbili usiku, nusu yake bado iko mwilini saa saba. Hakunijibu, lakini beseni alilirudisha. Watahiniwa wa namna hii wape dakika ishirini za kulala baada ya chakula cha mchana, kichwa juu ya dawati, kabla ya saa nane na nusu. Zaidi ya hapo wanaamka wamevurugika.

Jambo la mwisho sikulitegemea. Wiki ya kwanza wengine waliamka saa kumi na nusu bila kengele, wakakaa gizani wakingoja. Usiwakemee. Mwambie askari tu asiwashe taa.