Msalaba wa shaba ulihitaji malakiti kiasi gani? Hesabu kwa uwiano wa moli

Nafundisha kemia sekondari hapa Lubumbashi, na hesabu za moli (moli ni idadi maalumu ya chembe, kama dazani ilivyo idadi ya vitu) napenda kuzianza na msalaba wa shaba, ule uliotumika kama pesa na mahari huku Katanga kabla ya wakoloni. Mafundi walichoma malakiti, lile jiwe la kijani, pamoja na makala ndani ya tanuru la udongo. Tuseme msalaba una gramu 635. Malakiti safi ya kuutengeneza ni kiasi gani?

Andika mlinganyo, usawazishe:

Cu₂CO₃(OH)₂ + C → 2Cu + 2CO₂ + H₂O

Yaani malakiti na kaboni (C) ya makala hutoa shaba (Cu), kaboni dioksidi na maji. Kagua kila elementi. Oksijeni: 5 kushoto, 5 kulia. Usiendelee kabla ya kukagua, maana mlinganyo ukiwa na kosa, jibu nalo litakuwa na kosa.

Sasa soma namba za mbele: moli 1 ya malakiti na moli 1 ya kaboni hutoa moli 2 za shaba. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Wakiona 1 kwa 1 wanapima gramu 100 za malakiti na gramu 100 za makala. Lakini kilo ya ndakala wadogo na kilo ya kambale wakubwa hazina idadi sawa ya samaki: mlinganyo unahesabu samaki, mizani inapima kilo. Moli 1 ya malakiti ni gramu 221; ya kaboni ni gramu 12 tu, ya shaba 63.5.

Kwa hiyo geuza gramu ziwe moli kwanza:

635 ÷ 63.5 = moli 10 za shaba

Uwiano wa shaba kwa malakiti ni 2 kwa 1, basi malakiti ni moli 5. Rudi kwenye gramu: 5 × 221 = 1105. Kaboni nayo ni moli 5, yaani gramu 60.

Je, ukiwa na malakiti hiyo yote lakini kaboni gramu 48 tu? Hizo ni moli 4, na zitatoa moli 8 za shaba, gramu 508. Kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua. Malakiti iliyobaki haikai kijani: moto unaigeuza unga mweusi wa oksidi ya shaba, na bila kaboni weusi huo hauwi wekundu wa shaba.

Msishangae kwamba mafundi walitumia makala mengi kuliko gramu 60. Makala yaleyale ndiyo yaliyotoa joto, na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Hesabu yetu inataja yale yanayoondoa oksijeni tu.

Jiwe la kweli pia lina udongo ndani. Likiwa na malakiti asilimia 80, gawanya: 1105 ÷ 0.8 = gramu 1381. Usafi huingizwa mwisho hivi, baada ya moli kumaliza kazi yake.