Jinsi ya Kumchagulia Mhusika Wako Mwelekeo wa Kimaadili na Kuucheza kwa Uaminifu

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ambayo wachezaji hutunga hadithi pamoja mezani, kila mmoja na mhusika wake, huku msimamizi akiongoza, mchezaji anayejaza karatasi ya mhusika wake hufika mahali panapomtaka aandike maneno mawili kuhusu maadili ya mhusika huyo: kama ni mwema au mwovu, na kama ni mtu wa utaratibu au mtu wa uhuru. Maneno hayo ndiyo huitwa mwelekeo wake. Wengi hupajaza kwa nusu dakika, kisha maneno hayo hukaa pale bila kazi yoyote, au, jambo lililo baya zaidi, hugeuka amri ambayo mchezaji anaitii hata pale inapoharibu hadithi ya wote. Ninapendekeza njia iliyo kinyume cha hiyo: kuanza na mambo ambayo mhusika yuko tayari kuyagharamia, kuyajaribu katika tukio gumu moja, na kuyatafutia jina mwishoni.

Kabla ya kuanza, ni vyema kujua mfumo huu ulikotoka, kwa sababu ugomvi mwingi kati ya wachezaji unatokana na kila mmoja kushika toleo lake. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na pande tatu tu: Sheria, Kati na Vurugu. Pande hizo zilifanana na majeshi kuliko tabia. Kusema kwamba kiumbe fulani ni wa Vurugu kulikuwa ni kueleza angepigana upande gani. Mwaka 1976 Gygax aliandika makala iliyotenganisha suala la wema na uovu na lile la sheria na vurugu, na katika vitabu vya Advanced, yaani toleo lililopanuliwa la mchezo huohuo, vilivyoanza kutoka mwaka 1977, mihimili hiyo miwili ikazaa mielekeo tisa ambayo wengi wanaifahamu leo: mwema, wa kati au mwovu, na kila mmoja wa sheria, wa kati au wa vurugu. Toleo la nne la mchezo huo, la mwaka 2008, liliipunguza ikawa mitano, na toleo la tano, la mwaka 2014, likairudisha yote tisa. Pathfinder, mchezo uliokua kutokana na kanuni hizohizo, uliiondoa kabisa katika vitabu vyake vilivyorekebishwa mwaka 2023, na badala yake ukaweka mambo ambayo mhusika amejiagiza kuyatenda na mambo ambayo amejikataza. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza msimamizi wa mchezo ni hili: tunatumia toleo gani, na katika toleo hilo mwelekeo una nguvu gani juu ya kanuni?

Neno moja lahitaji maelezo. Upande wa pili wa sheria huitwa vurugu, nami siliepuki neno hilo ninapozungumzia historia. Lakini kwa mchezaji anayetunga mhusika linapotosha, kwa maana linamfanya adhani kwamba mhusika huyo lazima awe mfujaji asiyetabirika. Katika mwongozo huu nitaita mhimili huo utaratibu na uhuru, kwa sababu kinachobishaniwa hasa ni kama mtu anaamini kwamba maisha mema yanajengwa na kanuni zinazowafunga wote, au na dhamiri ya kila mmoja.

Andika sentensi tatu

Chukua karatasi tupu, si karatasi ya mhusika, na uandike sentensi tatu. Ya kwanza ieleze jambo ambalo mhusika atalitetea hata likimgharimu. Ya pili ieleze jambo ambalo hatalifanya hata akilipwa vizuri. Ya tatu imtaje mtu, chombo au kanuni anayoitii, pamoja na sababu ya utii huo. Ikiwa hatii chochote, ieleze ni nini kilichomfundisha kutotii.

Ubora wa sentensi hizi unapimwa kwa gharama yake. “Anachukia dhuluma” ni sentensi dhaifu, kwa kuwa hakuna mhusika katika kundi ambaye angesema kinyume chake, na kwa hiyo haitaamua chochote. “Hamwachi majeruhi nyuma, hata awe adui” ni sentensi yenye nguvu, kwa sababu msimamizi akiisoma tu anaona usiku ambao kundi litakuwa linakimbia, na majeruhi wa upande wa pili analia kando ya njia. Sentensi isiyoweza kumtia mhusika matatani iandikwe upya.

Ukishindwa kuzipata, azima chombo kutoka mchezo mwingine. Pendragon, uliotolewa mwaka 1985, hautumii mielekeo tisa. Hutumia jozi za tabia zinazopingana, kama vile huruma na ukatili, au ukweli na udanganyifu, na namba za kila jozi hujumlishwa kuwa 20. Mpe mhusika wako huruma 14 na ukatili 6, kisha ujiulize hiyo 6 hujitokeza lini na kwa nani. Jibu la swali hilo mara nyingi ndilo sentensi uliyokuwa ukiitafuta.

Mjaribu kwa mateka

Kuna tukio moja ninalolipenda kuliko mengine kwa kazi hii, kwa sababu linagusa mihimili yote miwili kwa pamoja na kwa sababu hutokea kweli karibu katika kila mchezo mrefu. Kundi limewashinda majambazi waliokuwa wakivamia misafara. Amebaki mmoja, ametupa silaha, naye anasema atawaonyesha njia ya siri ya kuingia ngomeni kwao ikiwa mtamwahidi uhai. Mhusika wako anamwahidi. Njia inapatikana, ngome inatekwa, na ndani yake mnakuta hati zinazoonyesha kwamba mateka huyohuyo ndiye aliyeamuru kijiji kizima kichomwe, watoto wakiwamo. Bado amefungwa kamba, na anawatazama. Mhusika wako anafanya nini?

Mwema wa utaratibu amebanwa pande mbili, na ndiyo sababu namwona kuwa mmoja wa wahusika wagumu zaidi kuchezwa vizuri. Ana neno alilotoa, na ana deni la waliokufa. Huenda akakumbuka kwamba aliahidi uhai wala hakuahidi uhuru, akamfikisha mateka akiwa hai mbele ya watu wenye mamlaka ya kumhukumu, kisha akasimama pale kumsihi hakimu asimwue, huku waliofiwa wakimsikiliza. Mwema wa kati huiona ahadi kuwa ina uzito, ila huweka mbele swali la nani atakayeumia kesho mtu huyu akiwa hai. Mwema wa uhuru hana imani na hakimu wala na mapatano yaliyofanywa kwa hila. Hufuata anachoambiwa na moyo wake, na hubeba mwenyewe matokeo yake bila kumsingizia mtu.

Wa kati wa utaratibu hukata kamba, humwonyesha mateka barabara, na husema kwamba ahadi isiyotimizwa kwa mwovu haikuwa ahadi hata kwa mwema. Wa kati wa uhuru anaweza pia kukata kamba, ila kwa sababu tofauti kabisa, labda kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kufungwa na hawezi kuvumilia kumwona mtu mwingine katika hali hiyo. Mwovu wa utaratibu hutimiza ahadi herufi kwa herufi: uhai umetolewa, na kuanzia sasa uhai huo una deni litakalolipwa kwa utumishi. Mwovu wa kati hupima faida, na mwovu wa uhuru huenda alikuwa ameshaamua kuua tangu alipokuwa akitamka ahadi.

Tazama kilichojitokeza. Wahusika kadhaa walimwacha mateka hai bila kukubaliana juu ya jambo lolote, na wema wawili wangeweza kutofautiana hadi kushikana mashati. Kitendo peke yake hakitaji mwelekeo. Kinachoutaja ni sababu ya kitendo pamoja na kile ambacho mhusika alikubali kukipoteza. Ndiyo maana nakushauri uandike jibu la mhusika wako kwa sentensi mbili, moja ya kitendo na moja ya sababu, na baada ya hapo tu uchague jina katika yale tisa. Jina lisipolingana na sentensi zako tatu, badilisha jina, uziache sentensi.

Mahali ambapo wachezaji hukosea

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba utaratibu maana yake ni kutii sheria ya kila mji mnaoingia. Mtawa aliyeapa kufuata kanuni za nyumba yake akifika katika mji wa dhalimu hana wajibu wa kumsaidia dhalimu huyo kwa sababu tu amri imebandikwa langoni. Anachodaiwa ni uthabiti: kanuni aliyoishika jana aishike leo, hata ikimchelewesha. Kwa kipimo hichohicho mwizi mwenye miiko ya ujambazi ambayo haivunji kamwe anaweza kuwa mtu wa utaratibu kuliko askari anayepokea hongo.

Kosa la pili linahusu walio kati. Toleo la pili la Advanced, la mwaka 1989, lilimweleza wa kati kamili, yaani aliye kati katika mihimili yote miwili, kama mtu anayelinda mizani ya dunia, na likatoa mfano wa mdruidi, kuhani wa maumbile, anayewasaidia watu kupigana na kabila la viumbe waovu, kisha anajitoa au anahamia upande wa pili pale waovu hao wanapokaribia kuangamizwa. Naheshimu wazo hilo kwa mhusika mmoja mwenye falsafa hiyo, lakini likifanywa kuwa sheria kwa wote walio kati, huzaa msaliti asiye na sababu ya kibinadamu. Wengi walio kati ni watu wa kawaida: hupenda jamaa zao, huogopa mauti, hawana haja ya kumdhuru mgeni na hawana mpango wa kufa kwa ajili yake. Mhusika wa namna hiyo huwa na kina akipewa watu wachache ambao kwa ajili yao atavuka mpaka wake. Wanyama nao, ambao hawana uwezo wa kuchagua jema au baya, toleo la tano linawahesabu kuwa hawana mwelekeo kabisa, na hilo ni tofauti na kuwa kati.

Kosa la tatu ni la mwovu ndani ya kundi, na hapa nataka kusema kwa uzito, kwa sababu nimeona marafiki wakiacha kucheza pamoja kwa ajili yake. Mhusika mwovu anaibia wenzake, anaua shahidi aliyekuwa anahitajika, na akiulizwa, mchezaji hujibu kwamba ndivyo mhusika wake angefanya. Jibu hilo husahau kwamba mhusika hakujitunga. Mchezaji ndiye aliyemtunga, na katika kila tukio kuna vitendo vingi vinavyolingana na tabia yake, ambavyo baadhi yake haviwaharibii wengine jioni yao. Anayetaka kucheza mwovu aombe ridhaa ya wenzake katika kikao cha maandalizi, kabla ya dadu kurushwa. Kisha ampe mhusika huyo mambo mawili: lengo la mbali ambalo hawezi kulifikia bila kundi hili, na angalau mtu mmoja katika kundi ambaye anamjali kwa dhati. Mwovu mwenye subira anayemlinda rafiki yake kwa ukatili unaomtisha rafiki huyo ana hadithi nyingi za kusimulia. Mwovu anayechoma kila nyumba anayoiona humalizika katika kikao cha pili.

Mwelekeo ukibadilika

Katika kanuni za zamani kubadili mwelekeo kuliadhibiwa: mhusika katika Advanced ya awali angeweza kupoteza ngazi, yaani kiwango cha uwezo alichokwisha kufikia, na paladini, shujaa mtakatifu ambaye hadi toleo la tatu alilazimika kuwa mwema wa utaratibu, aliweza kunyang’anywa nguvu zake zote. Katika toleo la tano mwelekeo haugusi karibu kanuni yoyote, na naona huo ni unafuu, kwa sababu hofu ya adhabu iliwafanya wachezaji wamlinde mhusika asibadilike hata pale hadithi ilipodai abadilike.

Msimamizi asitangaze badiliko kwa sababu ya tendo moja, isipokuwa liwe tendo ambalo mchezaji mwenyewe analiona kuwa la kugeuza maisha. Aandike kila tendo zito pamoja na sababu iliyotolewa wakati ule, na yakifika matatu yanayoelekea upande mmoja, azungumze na mchezaji faraghani, kati ya kikao na kikao, akimwuliza sentensi ipi kati ya zile tatu haisemi kweli tena. Mara nyingi mchezaji ameshaliona. Wakati mwingine atasema kwamba mhusika anajua amekosa na anateseka kwa hilo, na hapo mwelekeo haujabadilika. Kilichopatikana ni majuto, na msimamizi ayape nafasi katika vikao vinavyofuata.

Sentensi iliyoacha kuwa kweli isifutwe. Pitisha mstari katikati yake, andika kando yake kikao ambacho ilivunjika na aliyekuwapo, kisha andika mpya chini yake. Yule mateka aliyeachwa hai anaweza kurudi baada ya vikao kumi, akiwa na watu wake nyuma yake, na jambo la kwanza atakalotaka kujua ni kama mtu aliyempa ahadi bado yupo.