SOMO: Kufua na kukausha taulo za maikrofaiba za gari bila kuharibu rangi ya gari

Habari wakuu. Watu wananunua shampuu nzuri na polishi ya bei, halafu taulo za gari wanazifua beseni moja na soksi na kanga. Baada ya muda gari likisimama juani, hasa jeusi, linaonyesha mikwaruzo ya mviringo bodi nzima, na lawama anatupiwa kijana anayeosha. Mara nyingi mkwaruzaji ni taulo yenyewe.

Kwanza ujue umeshika nini. Maikrofaiba si pamba. Ni poliesta iliyochanganywa na poliamidi, yaani nailoni, na kwenye lebo utakuta 80/20 au 70/30. Nyuzi zake zimepasuliwa zikawa nyembamba kuliko hariri, na katikati ya nyuzi hizo ndimo maji na vumbi hunasa. Kwa hiyo taulo inaharibiwa na mambo matatu: joto linaloikakamaza, mafuta na nta zinazoiziba, na mchanga uliobaki ndani. Hatua zote za hapa chini zinapigana na hayo matatu.

Hatua ya 1: Tenga kabla ya kulowesha

Za bodi peke yake, za vioo peke yake, za ndani peke yake, na za rimu na injini mbali kabisa. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na chembe hizo zikishaingia kwenye nyuzi hazitoki zote. Taulo ya rimu haipandi tena kwenye bodi hata ukiifua vipi. Mimi hapa sina msamaha. Nunua rangi tofauti ili asije mtu mwingine akachanganya wewe haupo.

Hatua ya 2: Kung'uta, kisha loweka

Zilizofutia nta au polishi ziingie kwenye maji siku hiyohiyo. Nta ikikaukia kwenye nyuzi, kuitoa ni kazi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 20 au 30.

Hatua ya 3: Fua

Tumia sabuni ya maji, kidogo, isiyochanganywa na dawa ya kulainisha nguo. Sabuni ya unga inaweza kuacha chembe ambazo hazijayeyuka, nazo zikajificha humohumo kwenye nyuzi. Maji yawe ya uvuguvugu ambao mkono unauvumilia bila shida, nyuzijoto 40 hivi. Fikicha kwa viganja. Usipige brashi, usisugue kwenye jiwe.

Kama una mashine, weka maikrofaiba tupu. Nguo ya pamba inatoa manyoya, na maikrofaiba imetengenezwa kunasa vitu vya namna hiyo, kwa hiyo yatahamia yote kwenye taulo na kesho yatakuwa kwenye kioo chako.

Jiki usiweke, inaila nailoni. Dawa ya kulainisha nguo usiweke hata tone. Inapaka nyuzi utando laini, taulo inanukia vizuri lakini haivuti tena maji, inayasukuma tu huku na huku.

Hatua ya 4: Suuza mpaka uridhike

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Suuza kwenye beseni jeupe. Ukishakamua taulo, acha maji yatulie kidogo, kisha inamisha beseni taratibu uangalie kwenye kona. Ukiona mstari mwembamba wa mchanga umejikusanya pale chini, rudia. Mchanga huo ungebaki, ungeenda kwenye boneti.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, weka nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye ndoo ya lita 20 ya suuzo la mwisho. Siki inayeyusha chokaa inayofanya taulo iwe ngumu. Ila siki na jiki visikutane kamwe kwenye chombo kimoja, vinatoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu.

Hatua ya 5: Kausha

Kamua kwa kubana, usisokote kwa nguvu. Anika kivulini penye upepo, kwenye kamba uliyoifuta, mbali na barabara ya vumbi. Usianike kwenye michongoma wala seng'enge, na usitandaze kwenye majani. Zikikauka tu, anua. Jua kali la kila siku linachosha nailoni, na taulo inayoshinda nje inaokota vumbi upya.

Mashine ya kukaushia iwe kwenye joto la chini kabisa. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, lakini huanza kulegea mapema sana kabla ya hapo, kwa hiyo mimi sivuki 60. Pasi ni marufuku. Kisha hifadhi kwenye ndoo safi yenye mfuniko.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, taulo mpya nayo inafuliwa kabla ya kutumia?
Ndiyo. Inatoka na manyoya ya kiwandani na wakati mwingine inachuja rangi. Na ile lebo iliyoshonwa pembeni ikate, ukingo wake ni mgumu.

Shikamoo mwalimu. Dada wa nyumbani ameshazifua na dawa ya kulainisha. Nizitupe?
Marahaba. Usitupe bado. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, fua, suuza sana, rudia. Zikikauka dondoshea tone la maji. Likizama, taulo imepona. Likibaki juu limeviringika, rudia tena au ipeleke kwenye rimu.

Naweza kuzichemsha kwenye sufuria kama nepi za zamani?
Hapana kaka. Nepi zile zilikuwa pamba. Hizi ncha zake zitakakamaa, na ncha zilizokakamaa ndizo zinazokwaruza.

Huku Bukoba mvua haziishi, taulo zinanuka uvundo.
Zinakaukia polepole mno. Suuza kwa siki kama nilivyoeleza, kisha zitundike moja moja ndani penye feni. Usizirundike mbichi kwenye ndoo hata usiku mmoja.

Taulo niliyofutia koti ya seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi ya gari kuilinda, je?
Hiyo weka kando kabisa. Koti ile ikigandia kwenye nyuzi inakuwa ngumu na haitoki kwa sabuni. Tumia kwenye injini au itupe, wala usiichanganye na nyingine kwenye beseni.

Ikianguka chini mara moja tu, nikikung'uta si inatosha?
Haitoshi ndugu yangu. Iweke kwenye za kufuliwa, chukua nyingine. Ndiyo maana usianze kuosha gari ukiwa na taulo moja, kuwa na nne au tano safi pembeni.