Gofu ya diski kwenye uwanja wa vilima: jinsi ya kumaliza raundi bado una diski begini

Gofu ya diski ni kurusha diski ya plastiki mpaka iingie kwenye kikapu cha minyororo kwa mirusho michache uwezavyo, na uwanja wa tambarare unakudekeza bwana. Unatoka pale unajua draiva yako, diski ya kurushia mbali, inafika mita 90, siku unaingia uwanja wa vilima, bonde lile chini yako, kikapu kinameremeta ng'ambo kama kijiko, roho inakwambia itandike, unaitandika kweli, na hiyo ndo diski ya kwanza kupotea. Mi niliwahi kupoteza tatu siku moja na zote nilizirusha safi kabisa, mkono haukuwa na tatizo, sema sikujiuliza hata mara moja diski ikishatua itaelekea wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaangalia sana mwisho wa mrusho kuliko mwanzo wake. Nimeandika kwa anayerusha bekihendi, yani mkono unaanzia upande wa pili wa kifua, kwa mkono wa kulia, wa kushoto wewe geuza pande tu.

Hatua ya 1: punguza begi

Diski nne au tano zinatosha: puta mbili (za kurushia karibu na kikapu), midirenji moja (ya umbali wa kati), draiva moja au mbili za kasi ya wastani. Zile draiva za kasi 12, 13 (ndo namba ya kwanza kati ya nne zilizochapwa kwenye diski) ziache nyumbani, mlima utakuadhibu nazo. Hakikisha moja kati ya ulizobeba namba yake ya tatu ni hasi, -2 au -3, yani inakubali kugeuka kulia kirahisi, utaihitaji kwenye kupandisha. Rangi chagua pinki au chungwa, ya kijani ni kuitafutia kaburi kwenye majani. Andika jina na namba ya simu upande wa chini. Halafu maji, na viatu vyenye meno.

Hatua ya 2: hesabu mwinuko kabla hujagusa diski

Hesabu wachezaji wengi wanayoitumia ni hii: kila mita 1 ya kupanda, ongeza mita 3 kwenye umbali, na kila mita 1 ya kushuka, toa 3. Shimo, yani toka pa kuanzia mpaka kikapuni, la mita 80 linalopanda mita 8 lichezee kama mita 104. La mita 90 linaloshuka mita 10 ni kama mita 60 tu, hapo puta inaweza kukufikisha, we ulikuwa unashika draiva. Ni makadirio, sio sheria, ila yanakutoa kwenye udanganyifu wa macho maana ukiwa juu unaangalia bonde kila kitu kinaonekana mbali.

Hatua ya 3: soma ardhi pale diski itakapotua

Hapa usiwe na haraka. Kama unaweza, tembea mbele kidogo uangalie ardhi ya kuzunguka kikapu, inaangukia upande gani, na chini yake kuna nini, vichaka, mto au njia ya watu.

Diski inayotua imelala sawasawa na ardhi inateleza kidogo halafu inatulia. Diski inayotua kwa ukingo inasimama kama tairi na kuanza safari yake, na mteremko hauna breki. Sasa basi, bekihendi ya kawaida inamalizia kwa kukunja kushoto, ukingo wa kushoto ukiwa chini. Kama ardhi nayo inaangukia kushoto, freshi, mwinamo wa diski unafanana na wa ardhi. Kama ardhi inapanda kushoto na kuangukia kulia, ule ukingo unagonga kilima, diski inasimama, inageuka, inashuka kulia mpaka utakapochoka kuiangalia. Mahali kama hapo rusha foahendi, yani mkono ukitokea upande wako wa kulia, au bekihendi uliyoilaza upande wa kulia ili itue imelala na kilima.

Na ukiwa na uchaguzi, itue chini ya kikapu. Mrusho wako unaofuata utakuwa wa kupandisha, ukikosa, kilima chenyewe kinaizuia diski. Mi siku hizi niko radhi niwe mita 8 chini ya kikapu kuliko mita 4 juu yake, na wala sitanii.

Hatua ya 4: kupandisha

Kosa la wengi ni kuinua pua ya diski, ule ukingo wa mbele, peke yake. Inapaa, inasimama hewani, inadondokea kushoto na wakati mwingine inarudi inabingirika mpaka miguuni kwako, aibu tupu. Unachotakiwa ni kuinamisha mwili mzima, bega la nyuma lishuke, mkono ufuate mstari wa kilima, pua ibaki kwenye mstari huohuo. Diski ikipanda inapoteza kasi mapema, kwa hiyo inakunja kushoto mapema kuliko ulivyozoea, ndo maana nikasema ubebe ile ya -2 au -3.

Hatua ya 5: kushusha

Kinyume chake. Ikishuka inashikilia kasi muda mrefu, inazidi kugeuka kulia, halafu kwa sababu imekaa hewani sana mwishoni inapata nafasi ya kukunja kushoto kupita kiasi. Chukua diski ya polepole na tulivu, midirenji au puta, inamisha ukingo wa kushoto chini kidogo, rusha kwa asilimia kama 70 ya nguvu. Bega la mbele lishushe, usirushe kama uko tambarare. Kileleni upepo nao una maneno yake: wa mbele unaisukuma diski igeuke kulia zaidi, wa nyuma unaiangusha mapema. Na kama huoni chini, mtu mmoja atangulie kuangalia, msirushe kwa kubahatisha, diski ya gramu 170 na kitu ikimpata mtu kichwani si utani.

Hatua ya 6: miguu

Kwenye mteremko sahau kukimbia kabla ya kurusha. Simama, tafuta pa kukanyaga, rusha. Kanuni za PDGA, chama cha gofu ya diski, zinakupa eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30 nyuma ya alama yako, pale diski ilipotua, mguu mmoja lazima uwe humo. Sekunde 30 za kurusha hazianzi ukiwa bado unahema njiani, unapewa kwanza muda wa kutosha kufika, kwa hiyo panda taratibu.

Hatua ya 7: kuputi, yani kuirusha diski iingie kikapuni

Ndani ya mita 10 toka kwenye kikapu lazima uonyeshe umetulia kabla hujasogea mbele ya alama. Kwenye mteremko wa kushuka hapa ndo wengi wanaliwa, wanarusha huku wanaanguka mbele. Uzito uweke mguu wa nyuma. Kikapu kikiwa juu yako lenga minyororo ya juu, kikiwa chini yako lenga ya chini maana diski itaelea. Na kama nyuma ya kikapu ni korongo, rusha diski itue karibu tu, chukua mrusho mmoja wa ziada uendelee na maisha.

Diski ikipotea una dakika 3 za kuitafuta, baada ya hapo ni adhabu ya mrusho mmoja na kurudi uliporushia. Kama bado una hamu ya kuona diski ikipaa juu ya bonde, na kila mtu huwa nayo hata mimi, subiri raundi iishe, chukua ile ya zamani iliyokwaruzika, hakikisha chini hakuna mtu, itandike kwa nguvu zako zote. Halafu ushuke ukaitafute, hapo dakika 3 hazikuhusu.